Naomba ushauri: baba ana ugonjwa wa Parkinson, je, sisi watoto tupime jeni?

Habari zenu ndugu zangu. Baba yetu ana miaka 63. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka miaka minne iliyopita, dawa ya levodopa ikamsaidia kutembea. Mwaka huu ameanza kuona watu wasiokuwepo chumbani, na juzi alisahau njia ya msikiti anaoswali miaka yote. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Marehemu shangazi naye alitetemeka hivyo hivyo. Tulisema ni uzee tu.

Daktari alitueleza kuwa protini iitwayo alfa-sinukleini huganda mabonge ndani ya seli za ubongo, na zile zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, zinakufa. Nimesoma pia kuwa mwaka 2023 watafiti waliochunguza Wanigeria na Wamarekani weusi waligundua badiliko kwenye GBA1, jeni inayosaidia seli kumeng'enya taka zake, linaloongeza hatari ya ugonjwa huu kwa wenye asili ya Afrika. Ukilirithi si lazima uugue.

Tuko wanne, na mdogo wetu anakaribia kuolewa. Aliyewahi kupima akiwa hapa Tanzania, sampuli ilipelekwa wapi? Alipewa ushauri kabla ya majibu? Na hayo maono, kwa mgonjwa wenu yalipungua dawa zilipobadilishwa? Mama halali usiku.