Mrejesho: Hita iliyokuwa inadondosha RCD

Wakuu, ile hita ya mionzi ya kilowati 3 niliyouliza, iliyokuwa inadondosha RCD (swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja) kila asubuhi ya Julai kwenye karakana hapa Moshi, sasa inawaka vizuri. Mliosema unyevu mmepatia: unga wa magnesia unaozuia umeme usivuje ndani ya elementi (vyuma vinavyotoa joto) hunyonya maji hita ikikaa miezi bila kuwashwa. Mega (kifaa cha kupima kama umeme unavuja) ya volti 500 ilisoma megaomu 0.2, chini mno. Fundi alizima meini (swichi kuu), akaipiga kufuli, akazikausha elementi kwenye oveni kwa nyuzi 120 mpaka zikavuka megaomu 5.

Kwenye tamino (pale waya unapofungwa kwa skrubu), waya wa PVC (plastiki) ulishakauka na kupasuka kama ganda la karanga. Ampea 13 kwenye skrubu iliyolegea, moto huanzia hapo. Umewekwa wa silikoni unaostahimili joto, milimita za mraba 2.5. Aliyeshauri tuiruke RCD, yaani tuunge hita bila kuipitisha hapo, tafadhali asirudie.