Eti "mstari uko sawa", halafu akacheka! Huyu bosi wa usajili anatuchukulia poa sana

Ngome ya Kusini (mleta uzi)

Wakuu wa futiboli ya Kimarekani (NFL), nimetoka kusikiliza mkutano wa bosi wetu wa usajili na waandishi sasa hivi na bado natetemeka. Hakuna haja ya kumtaja, mnamjua. Suti ileile, maneno yaleyale ya kila Aprili kabla ya drafti, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu.

Mwandishi kamuuliza swali jepesi kuliko yote: takli wa kushoto, yule wa pembeni kwenye mstari wa watano wanaomlinda kwotabeki, msimu ujao ni nani? Jamaa akacheka. Akacheka kabisa, meno nje! Kisha: "Mstari uko sawa, tunawaamini vijana tulio nao."

Uko sawa wapi? Kwotabeki wetu, mrushaji wa mpira, msimu uliopita kala nyasi hadi angeweza kukuambia kila uwanja wa ligi hii unamwagiliwa maji saa ngapi. Mtu anaamka, anajifuta, anapanga mchezo, analala tena chini. Jumapili nzima!

Na tatizo halijajificha. Liko kati ya gadi wa kushoto (anayesimama upande wa ndani wa takli) na takli wa kushoto, kila timu inalijua. Daun ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne), bado yadi nane, wanatuletea mchezo uleule: yule mnene wao wa ndani anakata kwenda nje kumkaba takli, mvamizi wa pembeni anazunguka nyuma yake na kuingia kwa ndani. Hapo gadi anatakiwa amsukumie takli yule mnene, atulie, amsubiri anayezunguka. Wetu wote wawili wanamkimbilia mnene. Katikati hakuna mtu. Kwotabeki anahitaji kama sekunde mbili na nusu kuuachia mpira, sisi tunampa moja na dua.

Takli mwenyewe mikono haifiki inchi 33. Hatua yake ya kwanza kurudi nyuma ni nzito, kwa hiyo anaogopa kupitwa kwa nje, anageuza nyonga mapema, na mvamizi akishaona nyonga imefunguka anamkatia ndani. Huyo ndiye "kijana tunayemwamini". Na jamaa kacheka!

Watu wenye akili walifanya nini? Bears wa Chicago 2024, kwotabeki wao Caleb Williams aliangushwa na mpira mkononi mara 68, nyingi kuliko kwotabeki mwingine yeyote msimu ule. Machi 2025, kabla hata drafti haijanusa, walishamleta Joe Thuney kutoka Chiefs na Jonah Jackson kutoka Rams kwa kutoa chaguo za drafti, na senta Drew Dalman wakamsajili akiwa mchezaji huru. Gadi wawili na senta, katikati yote mpya, ndani ya mwezi mmoja. Aprili wakaingia drafti roho kwatu, na chaguo la 10 wakamchukua Colston Loveland, taitendi (anapokea pasi na kuzuia pia), kwa sababu hakuna kitu kilichokuwa kinawakaba koo.

Sisi tunaingia na shimo kubwa ambalo timu 31 zinaliona. Mnajua maana yake? Mwenye chaguo moja nyuma yetu hahangaiki kuficha kitu. Anajua tunamtaka takli, anampigia simu aliye mbele yetu, anaruka, anambeba. Tunabaki na takli wa nne kwa ubora tunamchukua kana kwamba ni wa kwanza, halafu Septemba kinda wa miaka 22 anasimamishwa mbele ya wavamizi waliokomaa. Kinda wa mstari anahitaji muda wa kujifunza kukabidhiana watu na gadi wake. Risiva, mpokea pasi, anaweza kung'ara wiki ya kwanza, takli ni nadra.

Na pesa ipo! Kwotabeki wetu bado yuko kwenye mkataba wa kinda wa raundi ya kwanza: miaka minne ya bei poa, wa tano kwa hiari ya timu. Hii ndiyo miaka ya kununua mstari. Akishasaini mkataba wake mnono, ukomo wa mishahara utabana hadi tushindwe kumlipa mtu wa maji. Bosi pesa kaenda kuimwaga kwa risiva wa tatu. Risiva wa tatu! Atapokea nini kama mrushaji yuko chini?

Kacheka. Kaulizwa takli, kacheka.

Dada wa Likoni

Povu lote hili na drafti bado wiki mbili? Kunywa maji mkuu, utakufa kabla Kamishna wa ligi hajapanda jukwaani kutangaza.

Jembe Halichoki

Mleta uzi kasema "kacheka" mara ngapi sijui. Tumeelewa. Kacheka.

Mzee Yadi Kumi

Mnamwonea bwana yule. Mpango wake mimi nauona. Machi timu yetu imeondokewa na wachezaji huru watatu wa maana. Ukipoteza wengi au wazuri kuliko unaosajili, ligi inakupa chaguo za fidia drafti ya mwaka unaofuata, mwisho wa raundi ya 3 hadi ya 7. Ukimsajili gadi wa bei mbaya Machi, unaifuta ile ya raundi ya 3. Subiri drafti ipite. Wiki inayofuata hesabu inafungwa, ukisajili mtu baada ya hapo hakuna kinachokatwa. Maveterani wa mstari watakuwa bado wapo sokoni, tena bei imeshuka. Huo ni ustaarabu wa kuendesha timu, siyo dharau.

Ngome ya Kusini

Mzee Yadi Kumi, shikamoo, lakini hapo umemtetea mtu asiyeteteeka. Hesabu ya fidia inamhusu mchezaji ambaye mkataba wake umeisha wenyewe. Aliyekatwa na timu yake mkataba ukiwa hai HAHESABIWI. Unamsajili Machi, unalala naye usingizi mnono, chaguo lako la raundi ya 3 liko palepale. Machi hii walikatwa maveterani wa mstari kibao, kila timu ilikuwa inapunguza mishahara. Simu tu. Hakupiga! Na kubadilishana kama walivyofanya Bears kwa Thuney hakuingii kwenye hesabu hiyo pia. Kwa hiyo alikuwa na milango miwili ya bure, akaiacha yote, akaja mbele ya kamera akacheka.

Na hao maveterani wa Mei unaowasubiri, wapo sokoni Mei kwa sababu goti halijapona.

Mzee Yadi Kumi

Marahaba. Hilo la goti sikatai.

Kipanga wa Kaloleni

Mambo ya inchi 33 achaneni nayo. Will Campbell alipimwa inchi 32 na 5/8 kombaini (vipimo vya vijana kabla ya drafti) ya Indianapolis 2025, watu wakapiga kelele wiki nane, Patriots wakamchukua wa 4 hivyohivyo. Mkono mfupi unafichwa na miguu mizuri na kuwahi kugusa. Kosa la takli wetu ni miguu. Ukimsogeza ndani awe gadi, mkono hautamsumbua sana, huko watu wanapigania nafasi finyu. Tafuta takli mmoja tu, umepata na gadi bure.

Ngome ya Kusini

Kipanga, hii hoja yako ina akili kuliko mkutano mzima wa leo. Lakini huyo takli mmoja ndiye kaulizwa, na majibu mmeyasikia.

Jembe Halichoki

Kacheka.

Nyama Choma 513

Wee, nyinyi hamjateseka. Sisi wa Cincinnati Bengals ndio tunajua hii maneno. Kwotabeki wetu Joe Burrow alivunjwa goti Novemba 2020, mwaka wake wa kwanza. 2021 tuko na chaguo la 5, Penei Sewell takli amekaa hapo tu anangoja, wakachukua Ja'Marr Chase, risiva. Sewell akaenda Lions namba 7. Burrow akaangushwa mara 9 na Titans kwa mechi moja ya mtoano! Tisa!

Dada wa Likoni

Na mechi hiyo ya tisa mlishinda 19 kwa 16. Mkafika Super Bowl, fainali yenyewe. Chase ndiye aliyewafikisha. Sasa unalia nini?

Nyama Choma 513

Na huko Super Bowl Rams wakamwangusha mara 7, tukapoteza 23 kwa 20. Aaron Donald wao alikuwa anaingia kama nyumba ni yake. Mchezo wetu wa mwisho kabisa unajua uliishaje? Donald amemshika Burrow kiunoni, mpira umerushwa tu ovyo. Ndio wakaamka, wakanunua watu watatu wa mstari Machi 2022: Cappa, Karras, La'el Collins. Hiyo shopping ingefanywa mwaka mmoja mapema, kombe lingekuwa letu.

Kipanga wa Kaloleni

Bado ningemchukua Chase. Takli mmoja asingemzuia Donald, Donald alikuwa anapita kwa magadi. Tatizo lenu lilikuwa ndani, siyo pembeni.

Nyama Choma 513

Sewell angecheza hata gadi mwaka wa kwanza!

Kipanga wa Kaloleni

Chaguo la 5 unamweka gadi? Wewe ndiye unafaa kuwa bosi wa timu ya mleta uzi.

Raha za Jumapili

Nyie wote mnaongelea mbele ya kwotabeki kana kwamba timu haina upande wa pili. Nani kaona ulinzi wetu mpinzani akikimbia na mpira? Siku hizi zaidi ya nusu ya michezo timu inaweka mabeki watano nyuma, ina maana mbele unabaki na watu sita. Ukibaki na sita lazima pale mbele ya senta awepo mtu mmoja wa pauni 330 anayeziba mianya miwili peke yake, senta na gadi wahangaike naye, lainibeka, mlinzi wa nyuma yao, abaki huru akimbilie mpira. Wetu ana pauni 295, anasukumwa yadi tatu nyuma, anamwangukia lainibeka wake mwenyewe. Mtu kama huyo unampata raundi ya 3 au ya 4, hagombaniwi, na hatujawahi kumchukua. Huu ndio uzi ulitakiwa ufunguliwe.

Mnazi Mrefu

Raha za Jumapili, asante sana. Na mpigaji wa mpira kwa mguu je? Tangu 2015 pointi ya ziada baada ya bao inapigwa yadi 33, siyo zawadi tena. Wetu anakosa. Anakosa ndani ya uwanja wenye paa! Mpigaji hahitaji hata chaguo, baada ya drafti wanazagaa mtaani. Leta wawili kambini, washindane Agosti nzima, anayebaki abaki kwa haki. Sisi analetwa mmoja, peke yake, ashindane na kivuli chake.

Raha za Jumapili

Na mrudishaji wa mipira ya kuanzia. Tangu 2025 mpira ukifia ndani ya eneo la mwisho baada ya kuruka moja kwa moja unaanza yadi ya 35, kwa hiyo wapinzani wanalazimika kuupiga urudishwe. Mrudishaji mzuri sasa ana kazi kila baada ya bao. Wetu anaudaka kama anaogopa utamuuma.

Ngome ya Kusini

Wakuu, uzi ni wa takli.

Mwana wa Mzizima

Takli tunao Afrika Mashariki, tena wa bure! Jordan Mailata alitoka raga ya Australia, hajawahi kucheza hata mechi moja ya mchezo huu, Eagles wakamchukua 2018 raundi ya 7, chaguo la 233. Leo ndiye takli wao wa kushoto na ana pete ya Super Bowl ya Februari 2025. Mechi hiyohiyo Chiefs walimsimamisha Thuney, gadi, acheze takli kwa kukosa mtu, kwotabeki wao Mahomes akaangushwa mara 6 na Eagles hawakupeleka hata blitzi moja (kuongeza wavamizi). Pitieni viwanja vya raga Nairobi mwone vifua.

Nyama Choma 513

Manze tulishaenda. Daniel Adongo, mtu wetu wa raga, Colts walimsaini 2013. Akawa lainibeka wa nje, akacheza mechi chache tu basi. Mailata ana futi 6 na inchi 8. Mtoe wapi huyo Nairobi, na mwenye huo urefu anacheza basketi?

Mwana wa Mzizima

Adongo waliharakisha. Wangemwacha mazoezini miaka miwili kama Mailata, ambaye hakuingia uwanjani hata mechi moja hadi 2020.

Dada wa Likoni

Kwani drafti yenyewe inaanza saa ngapi kwetu? Mwaka jana nimekesha mpaka nikalala kwenye chaguo la 6.

Mzee Yadi Kumi

Raundi ya kwanza ni Alhamisi saa 2 usiku saa za New York, Afrika Mashariki ni saa 9 usiku kuamkia Ijumaa. Raundi ya 2 na ya 3 zinaanza saa 8 usiku kuamkia Jumamosi. Raundi ya 4 hadi ya 7 ni Jumamosi saa 1 jioni, hizo unaziangalia ukila. Aliyeko Muscat aongeze saa moja.

Mnazi Mrefu

Muscat niko mimi. Saa 10 alfajiri, kazini saa 1 asubuhi, na huduma ya matangazo wanayotuuzia huku inakatika kila timu inapoanza kuchagua. Wanatutoza msimu mzima halafu siku ya drafti picha inaganda. Nafungua uzi wao sasa hivi, njooni.

Dada wa Likoni

Nakuja.