Chumvi nimepunguza, Mama mkwe amegoma kula. Naombeni ushauri

MwanaPangani:
Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie, nimefika pagumu na usiku usingizi hauji.

Mama mkwe wangu yuko kwetu hapa Tanga tangu baada ya Idi. Ana presha ya kupanda, ya miaka mingi. Kliniki walimwambia apunguze chumvi, na kwa kuwa jikoni ni mimi, jambo lote limeniangukia mimi. Nimepunguza. Sasa kila nikimwandalia anaonja kijiko kimoja, anasogeza sahani, anasema "mwanangu, hiki chakula cha wagonjwa", halafu eti kinamwachia uchungu ulimini. Jana nimempikia changu wa kupaka, samaki mbichi kabisa wa asubuhi kutoka soko la Deep Sea. Akadonoa ubavu mmoja, akamwita mjukuu wake aje amalizie.

Ninachoomba kujua: mnatia viungo gani ili chakula kipendeze chumvi ikiwa kidogo? Na kwa kiasi gani, nisije nikamletea shida nyingine? Mume wangu ni mtu wa safari, na wifi yangu kwenye hili hatuelewani. Nawasilisha.

Chekibobu:
Nimeshakaa siti ya mbele. Wajuzi wa jikoni waje.

Mpishi wa Mwambao:
Pole dada. Kupaka ni pishi ambalo chumvi ikipungua bado linasimama, mradi ujue ladha yake inatoka wapi: kwenye moto wa mkaa na kwenye uchachu.

Samaki mpake thomu, tangawizi, pilipili mbuzi na ndimu, mwache atulie, kisha mchome mpaka ngozi ishike rangi na ianze kupasuka. Tui zito lipike peke yake na ukwaju uliokamuliwa, bizari ya manjano kidogo, unakoroga lisikatike, mpaka ukiinua mwiko lishike mgongoni mwake. Hapo ndipo unampaka samaki, unamrudisha motoni, unampaka tena. Chumvi usiitie mwanzo! Tui likikauka kwa moto chumvi haikauki nalo, inabaki yote kwenye mchuzi mdogo. Ndiyo maana mtu akionja mapema anaona haitoshi, anaongeza, mwisho inamshinda. Tia wakati sufuria imeshashuka, na upime kwa kijiko cha chai, si kwa vidole.

Kwa mchuzi wa nyama au maharage, nunua bizari nyembamba nzima. Ikaange kavu bila mafuta mpaka inukie nyumba nzima, itwange hapo hapo. Ile ya unga iliyokaa dukani tangu mwaka jana haina tena harufu, na harufu ikikosekana mkono unakimbilia chumvi. Pilipili manga nzima na iliki tafuta za Muheza, si mbali na wewe. Ndimu kamulia mezani, si jikoni. Uchachu ukiwahi ulimi, chumvi kidogo inatosha.

Uchungu ulimini, angalia thomu yako. Ikiungua tu, mchuzi wote unakuwa mchungu.

Fundi Bomba:
Chumvi ikizidi tia kiazi kizima, kinafyonza chumvi yote. Bibi yangu alifanya hivyo maisha yake yote.

Mpishi wa Mwambao:
Fundi, dada hajazidisha, amepunguza. Na kiazi kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, kinachobaki sufuriani kina ukali ule ule. Mchuzi ukikushinda ongeza tui au nyanya isiyotiwa chumvi.

Mshua wa Temeke:
Mimi nawauliza, wazee wetu walikula chumvi ya Uvinza kwa mafungu, wakala ng'onda na papa mkavu, presha walikuwa wanaisikia wapi? Marehemu baba alilima Kilosa mpaka uzeeni, mlo wake haukosi kipande cha samaki wa chumvi. Shida ya siku hizi ni kukaa tu, bodaboda mpaka dukani. Mtembezeni huyo mama asubuhi, mrudishieni chumvi yake ale kwa raha.

KijukuuChaBibi:
Mshua, nani alikuwa anawapima presha hao wazee? Walianguka shambani tukasema wamerogwa.

Dada, nikwambie ukweli wa mwanamke mwenzio. Mama mkwe akirudisha sahani, nusu ya maneno yake siyo chumvi. Wangu mimi, kule Moshi, alikuwa anakula kwa jirani halafu anakuja kuniambia ameshiba. Nilipika kila kitu nachokijua. Kilichotusuluhisha ni siku nilipoumwa, nikamwomba anishikie mwiko. Kumbe alichoka kukaa sebuleni kama mgeni. Tangu siku hiyo yeye anachambua mchele, anakatakata vitunguu, anaonja, na chakula alichokionja mwenyewe hajawahi kukirudisha. Mpe kazi jikoni.

Nesi wa Zamu:
Mleta mada, kabla hatujafika kwenye bizari naomba unijibu haya. Umepunguza kutoka kiasi gani mpaka kiasi gani? Mchuzi mix unatumia? Maharage unapika na magadi? Na chumvi unayotumia ni ipi?

Nauliza kwa sababu kuna chumvi nyingi isiyotoka kwenye kopo la chumvi. Vile vipande na unga wa mchuzi wa pakiti kiungo chake kikubwa mara nyingi ni chumvi yenyewe, na magadi nayo yana sodiamu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, chini ya kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu mkate, achari na kachumbari.

MwanaPangani:
Asanteni sana. Mpishi, ukwaju nitaujaribu hivyo ulivyosema. Kijukuu, jikoni Mama haingii, magoti yanamsumbua.

Nesi: mchuzi mix nimeacha kabisa. Magadi natia kidogo kwenye maharage. Chumvi ni ya kawaida tu.

Nesi wa Zamu:
Ya kawaida ipi? Chumvi ya kawaida ukiipunguza chakula kinapooza. Hakiwi kichungu. Na wewe mwenyewe umeandika kinamwachia uchungu ulimini.

Chekibobu:
Nesi ameamka na torchi 😂

MwanaPangani:
Sawa, nitasema, ila msinishambulie.

Binamu yangu yuko Muscat, aliniletea kopo la chumvi ya watu wa presha. Limeandikwa lina sodiamu pungufu. Nimelimimina kwenye kopo letu la kila siku. Mama hajui, mume wangu hajui. Na jamani, mimi nilianza kwa kumwambia wazi. Nilipomwekea chakula cha chumvi kidogo akapiga simu kwa wifi kwamba nataka kumuua kwa njaa, na wifi akaja na pakiti yake ya chumvi ndani ya mkoba. Ningefanyaje? Tangu nimebadilisha kopo, wifi anakoroga anachotaka na mimi roho yangu imetulia. Sitaki kuliondoa. Nataka tu viungo vya kufunika huo uchungu.

Mama wa Ilala:
Mwanangu, kumlisha mtu mzima kitu asichokijua si adabu, hata kiwe asali. Siku akijua, hata maji ya kunywa kwako hatayapokea.

MwanaPangani:
Mama yangu, nakuheshimu, lakini wewe hukuwepo siku ile alipoanguka msalani. Niliyembeba ni mimi.

Nesi wa Zamu:
Dada, hapa hakuna wa kukushambulia. Nisomee viambato vilivyoandikwa kwenye kopo. Na dawa anazokunywa Mama, majina yake. Na figo zake, kliniki walisema nini?

Mshua wa Temeke:
Ndiyo maana nasema chumvi ya Uvinza. Haina maandishi.

MwanaPangani:
Imeandikwa kloridi ya sodiamu na kloridi ya potasiamu. Dawa ya asubuhi ni losartan, na ile nyingine ya amlodipine. Figo walisema zimechoka kidogo, arudi wampime tena, lakini hilo ni la daktari, mimi nimeuliza habari za viungo.

Nesi wa Zamu:
Hilo la figo ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza wa uzi wako.

Nisikilize vizuri. Chumvi ya potasiamu si mbaya kwa kila mtu. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza watu wazima wabadilishe chumvi ya mezani kwa aina hiyo, lakini wakawatoa wajawazito, watoto, na wenye figo dhaifu au hali nyingine inayozuia potasiamu kutoka mwilini. Figo ndizo zinazotoa potasiamu. Zikichoka, inabaki kwenye damu. Losartan nayo inafanya itoke kidogo zaidi. Vitu viwili hivyo kwa pamoja, na kopo lenu juu yake, na wifi anayeongeza kwa mkono wake akidhani ni chumvi ya kawaida. Potasiamu ikizidi, moyo unapoteza mapigo yake, na mgonjwa anaweza asihisi chochote kabla. Wengine wanahisi misuli kulegea tu.

Kopo hilo litoke jikoni leo. Losartan usimwachishe, hiyo ni ya daktari kuamua. Asubuhi mpeleke apimwe potasiamu na figo, na useme wazi alikuwa anakula nini. Akilegea miguu, moyo ukidunda ovyo au pumzi ikibana, usingoje asubuhi.

KijukuuChaBibi:
Mungu wangu. Dada fanya hivyo.

Mtafiti Huru:
Samahanini, mnaharakisha. Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Uzi wa kwanza anasema mama amehamia baada ya Idi. Halafu ana wifi anayekuja na chumvi, ana simu, ana kuanguka msalani, ana kopo la Muscat, yote hayo ndani ya muda huo mfupi? Na akaunti imefunguliwa wiki hii. Subirini, mwisho wa uzi atakuja mtu na namba ya WhatsApp anauza chumvi ya presha.

Fundi Bomba:
Aah! Nami nilihisi. Hakuna mtu anayejua viambato vya chumvi yake kichwani.

Chekibobu:
Chai ya ukwaju hii 😂😂 Haya weka picha ya kopo.

Mshua wa Temeke:
Mwaka juzi kulikuwa na mwingine hapa hapa, alilia na kisukari cha baba yake, tukampa pole mpaka basi, kumbe anauza unga wa mlonge. Tuwe macho.

Mpishi wa Mwambao:
Anayeuza chumvi hawezi kuandika kwamba chumvi yake ni chungu na mgonjwa amekataa kula. Biashara gani hiyo?

MwanaPangani:
Mtafiti, nimefungua akaunti wiki hii kwa sababu sina pa kuuliza. Mama alianguka kwake Pangani, kabla ya Ramadhani, na mimi ndiye nilikuwa nakwenda kumuuguza. Futari ya mwezi mzima nilimpikia kule kule, na kopo lilikuwa kule kule. Baada ya Idi ndiyo tukamhamishia Tanga. Viambato nimevisoma sasa hivi, nimelishika mkononi. Siuzi kitu.

Mtafiti Huru:
Kumbe analila tangu Ramadhani. Mbona hukusema?

Nesi wa Zamu:
Mtafiti, kama ni chai, hakuna aliyedhurika kwa kuambiwa akapime damu. Kama si chai, huyo mama amekula kopo hilo muda mrefu kuliko nilivyodhani. MwanaPangani, acha kujibizana humu. Nani atakupeleka hospitali asubuhi?

MwanaPangani:
Mume wangu anafika usiku na basi. Kupima tutakwenda. Lakini kumwambia Mama habari ya kopo sitaki, nitamwambia daktari pembeni.

Mama wa Ilala:
Mwambie mumeo kwanza. Yeye ndiye ajue namna ya kusema na mama yake.

MwanaPangani:
Mrejesho, wakuu.

Tumepima. Potasiamu imefika 5.7, daktari anasema inatakiwa isizidi kama 5. Figo zipo zilivyokuwa. Wamempima umeme wa moyo, uko sawa. Kopo limeondoka, kuna dawa moja wamebadilisha, na tutarudi kupima tena wiki ijayo. Daktari anasema chumvi ya kawaida, kidogo, inamfaa kuliko ile.

Mume wangu alimwambia Mama ndani ya gari, mimi nikiwa hapo hapo. Mama hakugomba. Alikaa kimya mpaka Chumbageni, halafu akaniuliza, "Na uchungu ule, ulipokuwa unaniambia ni ulimi wangu?" Sikuwa na la kumjibu. Bado hatujaongea sawasawa. Ila jioni alivuta kigoda mlangoni pa jikoni akaomba aletewe kijiko cha chai na chumvi, akapima ya sufuria yote mwenyewe. Wifi alipofungua mkoba akamwambia airudishe.

Kupaka wa leo amekula pande zote mbili. Mpishi, tui langu limekatika lakini, nimekosea wapi?

Mpishi wa Mwambao:
Alhamdulillahi. Ukwaju umeutia tui likiwa linatokota kwa moto mkali. Punguza moto kwanza, utie kidogo kidogo, koroga upande mmoja bila kuacha. Na tui liwe la kwanza tupu, lisichanganywe na maji.

Mtafiti Huru:
Weka picha ya majibu ya maabara nifute nilichosema.

Nesi wa Zamu:
Usiweke. Ni majibu ya Mama. Ukirudi kupima wiki ijayo, niambie namba tu.