Tupeane uzoefu: uovu ulipostawi mbele ya macho yako, ulimshikaje Mungu?

Mwanzisha uzi: Wapendwa, shalom. Leo ibadani tumesoma Habakuki sura ya kwanza, nabii anapomuuliza Bwana atalia hata lini bila kusikiwa. Mchungaji akamaliza haraka kwamba Mungu yuko kwenye kiti cha enzi, tukaitika amina. Naamini yuko. Ila mwovu aliposhinda kesi, akapata mali na heshima juu yake, nyie mlisimamia nini? Msinipe mistari mitupu, nipeni yaliyowakuta.

Mkulima wa Mbozi: Naweka kambi hapa.

Binti wa Kahawa: Tangu asubuhi najizuia kuandika, nimeshindwa. Mume wangu alipofariki, hata matanga hayajaanuliwa, shemeji akaleta karatasi ya mauziano ya shamba yenye dole gumba la marehemu. Jamani, marehemu alikuwa karani wa chama cha ushirika! Dole gumba la nini? Kwenye kikao cha ukoo wazee wakainamisha vichwa. Shemeji ni mzee wa kanisa. Kahawa ya kwanza ilipovunwa akaileta kwenye shukrani. Nimekaa nyuma na wanangu, magunia nayaona, viraka nilivishona mwenyewe. Akapiga magoti akaombewa abarikiwe mara mia, kina mama wakapiga vigelegele. Mwanangu mdogo akauliza kwa sauti, "Mama, si ndiyo kahawa yetu?" Watu wakageuka. Baada ya hapo sikuweza kuomba. Nilichoweza kusoma ni Zaburi ya 73 tu, maana Asafu, mtunzi wake, hajifanyi: anakiri miguu ilikaribia kuteleza alipoona wasio haki wanastarehe. Nilikuwa nikifika aya ya 16 nafunga Biblia. Ile ya 17, anapoingia patakatifu, ilinichukua muda mrefu sana kuifikia.

Jirani: Pole dada. Nimesoma mara mbili, nalia ofisini.

Wa Kampala: Baba yangu alikuwa kijana wa kwaya Askofu Mkuu Janani Luwum alipokamatwa, Februari 16, 1977. Askofu huyo alikuwa amempinga Idi Amin waziwazi kuhusu mauaji. Serikali ikatangaza amekufa kwa ajali ya gari, mwili ukapelekwa Mucwini, kaskazini. Kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, kaburi lake lilikuwa limeshachimbwa, likabaki tupu. Waumini wakaja hivyohivyo, wakaimba wamelizunguka, na hofu yote ile ya askari. Baba anasema alijifunza pale kumwimbia Mungu kabla ya jibu.

Swali Gumu: Na Amin? Aling'olewa 1979, akafia hospitalini Saudi Arabia mwaka 2003, mahakama hakuiona. Tusidanganyane.

Mzee wa Zamu: Kijana, usikufuru. Iko siku ya hukumu.

Swali Gumu: Shikamoo mzee. Sijakufuru. Habakuki aliuliza hayahaya na kitabu chake kimo kwenye Biblia yako.

Mzee wa Zamu: Marahaba. Lakini Habakuki alisimama kwenye zamu yake akangoja. Na jibu lilipokuja, kwamba Mungu anawainua Wakaldayo, wale watu wakali wa Babeli, lilimtisha kuliko swali. Wewe unauliza huku unaondoka.

Swali Gumu: Ningekuwa nimeondoka nisingeuliza.

Jirani: Tuacheni Amin kwanza. Dada wa kahawa, mchungaji alijua?

Binti wa Kahawa: Alijua. Akaniambia ninyamaze, Bwana atanipigania.

Mkulima wa Mbozi: Mimi ningebeba gunia langu palepale madhabahuni, na vigelegele vyao nivichukue!

Mama Maombi: Funga siku tatu, dada. Usimseme mtumishi.

Mtu wa Sheria: Funga, na kesi ufungue. Baraza la kata siku hizi ni la usuluhishi tu. Nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Alama za vidole zina wataalamu wake, hata polisi wanao.

Mama Maombi: 1 Wakorintho 6 inakataza kumshtaki ndugu.

Mtu wa Sheria: Paulo huyohuyo alikata rufani kwa Kaisari, Matendo 25. Kuamini kwamba Mungu anatawala hakukumfunga mdomo.

Mzee wa Zamu: Hapo nakubaliana naye. Na huyo mzee wa kanisa asimamishwe kwanza.

Binti wa Kahawa: Kesi ipo wilayani, inatajwa tena mwezi ujao. Mtu wa Sheria, ombi la kupima lile dole gumba naliandika mwenyewe au mpaka wakili? Mama Maombi, naanza kufunga Jumatano, tufunge wote.