Mjadala: Mwongozo wa mfumo uandikwe kwa ajili ya nani, fundi au muuguzi?

Wadau, kuna hoja inayorudiwa kila tunapozungumzia mifumo ya kompyuta: kwamba mwongozo ukirahisishwa unapoteza usahihi, na asiyeuelewa apelekwe semina. Naipinga. Mfano wangu ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoendelezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, na kwetu Tanzania ndimo zinamoingizwa takwimu za MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya).

Tuanze na sifuri. Mwezi huu hakuna mama aliyefariki kwa uzazi, muuguzi anajaza 0. Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri mpaka msimamizi wa mfumo awe ameruhusu kwa takwimu hiyo. Wilayani wanaona pengo. Hakuna kifo, au taarifa haikuletwa? Maelezo yapo, tena sahihi kabisa, lakini yako upande wa wasimamizi, ambako muuguzi hana sababu ya kufika. Usahihi huo unamsaidia nani?

Tena, katika ukurasa wa zamani wa kuingizia takwimu, kisanduku kikiwa kijani namba imehifadhiwa. Mtandao ukikatika, namba hubaki kwenye kompyuta hiyo tu na bado haijafika kwenye mfumo. Kwa zahanati yenye mtandao wa kusuasua, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza kuandikwa, kwa herufi nene.

Nakiri watengenezaji wametenganisha mwongozo wa watumiaji na wa mafundi, na hilo ni jema. Ila wa watumiaji umepangwa kwa kufuata vijiprogramu vilivyomo ndani ya mfumo. Muuguzi anawaza ripoti ya mwezi.

Kuhusu semina: aliyefundishwa huhamishwa kituo, na anayebaki huachiwa nywila tu.

Napendekeza mwongozo mfupi wa Kiswahili, uliopangwa kwa kazi, na gharama yake iwe kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo. Kabla haujatolewa, apewe mtumishi ambaye hakuhudhuria semina yoyote aufuate peke yake. Akikwama, ibadilishwe sentensi. Na msimwachie mkufunzi peke yake kuuandika, kwa sababu anayejua sifuri inapotelea wapi ni aliyeutengeneza mfumo.

Mlioko vituoni, ni hatua gani inawakwamisha zaidi? Na mnaotetea semina, nani anamfundisha mtumishi aliyeripoti kazini juzi?