Kikundi cha "Wajukuu wa Bibi": Salim kahama Mac

*Salim:* Shikamooni wakubwa. Jamani naombeni ushauri, ile Mac ya kazini nimeirudisha ijumaa si mkataba umeisha, nimechukua ThinkPad ya mtumba Kariakoo nikaweka mfumo wa Linux Mint na inapiga kazi vizuri tu, ila sina pa kusomea habari zangu. NetNewsWire huku hamna

*Shangazi Mwanaidi:* Marahaba mwanangu. Habari si ufungue redio

*Rehema:* 😂😂

*Salim:* Shangazi hii ni programu, zile tovuti zangu zote zinaniletea vichwa vya habari sehemu moja, sihangaiki kuzungukia moja moja na hakuna anayenichagulia nianze na ipi

*Mjomba Hamisi:* NetNewsWire ni ya Mac na iPhone tu, utaisubiri sana huko Linux. Listi yako ya tovuti uliitoa kabla hujarudisha mashine?

*Salim:* Ndo hapo mjomba. Nilitoa picha na cv

*Mjomba Hamisi:* Aisee

*Rehema:* Subiri kaka, kwenye simu si unayo hiyohiyo? Uliwasha iCloud?

*Salim:* Niliwasha

*Rehema:* Basi haijapotea hiyo. Ingia mipangilio ya app yenyewe sio ya simu, shuka chini utaona pa kueksipoti, itakupa faili la OPML, ndo listi yako yote imo humo, ujitumie kwa imeili. Halafu fungua akaunti Feedly, kazi ni ileile ila unasomea kwenye brauza, siku ukibadilisha kompyuta tena unalogini tu maisha yanaendelea

*Mjomba Hamisi:* Hayo ya brauza mimi yalishaniuma. Google Reader ilikuwa kama hiyo Feedly, nilikuwa nasoma kila asubuhi kabla ya chai, mara Machi 2013 wanatangaza wanafunga na tarehe 1 Julai kweli wakazima. Salim wewe tumia Thunderbird, ile programu ya imeili, kwenye Mint inakuja nayo na hizo habari za tovuti inasoma vizuri tu, listi inakaa kwenye mashine yako

*Rehema:* Mjomba lakini Thunderbird haitajua nini kashasoma kwenye simu, na huyu nusu ya habari anasomea kwenye daladala

*Mjomba Hamisi:* Akiwa kwenye daladala ashike mfuko wake

*Salim:* 😂 Faili limekuja. Nimelifungua hivihivi kwa notipadi ni maandishi tu, kila mstari jina la tovuti na linki yake, ziko 43

*Shangazi Mwanaidi:* Salim mchango wa arobaini ya babu yako sijauona

*Salim:* Natuma leo shangazi

_saa 3:40 usiku_

*Salim:* Nimeanza na ya mjomba, Thunderbird imelipokea faili lote ila imeniletea habari elfu na kitu hazijasomwa, na nilizomaliza jana kwenye simu zimo humohumo, nimechoka kabla sijaanza. Liferea, programu nyingine ya kusomea huku Linux, nayo nimejaribu, nyepesi kweli, ila shida ni ileile, simu haina habari nayo

*Rehema:* Nilisema mimi

*Salim:* Sasa nimelipandisha Feedly, ya bure mwisho vyanzo 100 mimi 43 kwahiyo nimo, halafu kumbe NetNewsWire ya simu inakubali akaunti ya Feedly! Nimeiunganisha, nikisoma kwa simu kwenye laptopu inajifuta yenyewe. Kwa simu naendelea na programu yangu ileile

*Mjomba Hamisi:* Na Feedly wakifunga je

*Salim:* Faili nimeliweka kwenye flashi mjomba, na ukiongeza tovuti mpya unaeksipoti tena

*Mjomba Hamisi:* Kila mwezi. Sio siku unayorudisha mashine

*Salim:* Sawa mjomba. Blogu 2 zimegoma kabisa, nimezifungua kumbe wenyewe walishaacha kuandika zamani na mimi nilikuwa nazibeba tu

*Shangazi Mwanaidi:* Salim

*Salim:* Shangazi nimetuma sasahivi angalia meseji

*Shangazi Mwanaidi:* Imeingia. Ila umekata ya kutolea