Meli ya mbao ya karibu mita moja: taa nyekundu inawaka, nyeupe zinalala

Seremala wa Kondele:

Habari zenu wakuu. Mimi ni seremala hapa Kondele, Kisumu. Mchana ni vitanda na kabati, jioni nachonga meli. Sasa hivi mezani nina MV Uhuru, ile feri ya reli ya tangu miaka ya 1960 inayobeba mabehewa ya treni Ziwa Victoria. Kipimo ni moja kwa mia, kwa hiyo inakaribia mita moja. Mkuku na mataruma (uti wa mgongo na mbavu za meli) ni saiprasi, ubavu ni plaiwudi nyembamba, reli za sitahani ni vijiti vya mishikaki nilivyovipasua kwa wembe. Mbao hazinisumbui. Kinachonisumbua ni umeme.

Mteja ana hoteli. Anataka meli ikae mapokezi na iwake usiku, tena iwake hadi mtu aione akiwa barabarani. Nimenunua taa ndogo za LED za milimita 5: nyeupe, nyekundu na kijani. Nikazipanga mezani, miguu mirefu pamoja, mifupi pamoja, rezista moja (kile kidude cha kupunguza umeme), chaja ya simu. Nyekundu ikawaka safi. Nyeupe na kijani, kimya. Nikitoa nyekundu, hizo nyingine zinawaka. Nikiirudisha tu, zinazima. Nimezijaribu mojamoja na zote ni nzima.

La pili, nikitia taa ndani ya vyumba vya juu, plaiwudi yenyewe inang'aa. Kila mstari wa gundi unaonekana kama mbavu kwenye eksirei.

La tatu ni mlingoti. Ni mwembamba, waya nitaupitishia wapi? Sitaha bado sijaigandisha, naogopa kufunga kitu nitakachokuja kukivunja. Na mteja hachoki kupiga simu.

Fundi Redio, Kibuye:

Omera, hakuna LED mbovu hapo. Nyekundu inataka takriban volti 2 tu. Nyeupe, na kijani hizi za kisasa, zinataka kama 3. Ukizifunga pamoja nyuma ya rezista moja, nyekundu inaushusha umeme wote hadi volti 2 yake na kuunywa peke yake. Za volti 3 haziwezi kuamka hapo.

Dawa ni kila LED na rezista yake. Hesabu si ngumu: toa volti za LED kwenye volti za chaja, gawanya kwa mkondo unaoutaka. Chaja ni volti 5. Nyeupe: 5 toa 3 ni 2. Dukani watakwambia LED inabeba miliampia 20, usiwafuate, ya meli ndogo inatosha na 4 au 5. Miliampia 5 ni ampia 0.005, kwa hiyo 2 gawanya kwa 0.005 ni omu 400, chukua rezista ya 470. Nyekundu: 3 gawanya kwa 0.005 ni 600, chukua 680. Kijani anza na 470 lakini itakuumiza macho, kwa hiyo panda hadi omu 2,000 na zaidi mpaka ilingane na nyekundu. Hapo jicho ndilo litaamua, si mita.

Rezista usizifiche ndani ya mlingoti wala ukutani. Zipange zote kwenye kibao kimoja chini ngamani, tumboni mwa meli, kila waya na alama yake ya tepu, halafu acha kipande cha sitaha kinachofunguka. Zile reli zako ndizo zitaficha mkato. Kishike kwa sumaku za spika za masikioni zilizokufa, unazing'oa tu na kuzigandisha pembeni.

Waya: tafuta relei au feni iliyoungua, ule waya wa koili ni mwembamba kama unywele na una vanishi, umeme haurukii waya wa pembeni. Lakini hiyo vanishi iondoe nchani kwa wembe au kwa moto wa chuma cha kulehemu, la sivyo risasi haishiki na utabaki ukilaumu LED.

Na mlingoti, tupa kijiti. Njoo na aerieli ya redio, ile ya kuvuta. Vile vipande vyake ni mabomba matupu, kila kimoja chembamba kuliko cha chini yake, yaani mlingoti tayari umenyolewa. Waya mmoja wa chanya unapita ndani, na bomba lenyewe linakuwa hasi. Kwaruza ile nikeli ya juu, chini ni shaba, inalehemeka.

Mwalimu, Nakuru:

Nakubaliana na fundi, ila mimi niko na ugomvi na hizo LED za milimita 5. Kwa kipimo cha moja kwa mia, hiyo ni taa ya upana wa nusu mita! Baharia wako wa mbao ana urefu wa milimita 17, na juu ya kichwa chake umemtundikia sufuria. Hizo zitie ndani ya vyumba ambako hazionekani. Zinazoonekana nje tumia zile ndogo za kubandika, aina ya 0603, ambazo zina urefu wa milimita 1.6. Kuzilehemu ni kazi ya subira na miwani, lakini ukiona tofauti hutarudi nyuma.

Plaiwudi kung'aa: ndani ya ukuta paka rangi nyeusi kwanza, ikikauka paka nyeupe juu yake. Nyeusi inazuia mwanga kutoka, nyeupe inaurudisha madirishani. Wengine hubandika karatasi ya foili. Usijaribu karibu na nyaya zilizo wazi, foili inapitisha umeme.

Na usiielekeze LED dirishani, utaona kitone kikali na giza pembeni. Ielekeze darini, kichwa chake ukikwaruze kwa msasa, na nyuma ya madirisha bandika karatasi ya mafuta. Nyeupe yenye umanjano ndiyo inafaa vyumbani. Ile ya buluu-buluu inafanya kila meli ionekane duka la simu.

Baharia Mstaafu:

Nimesoma yote na sijaona mtu akitaja taa zenyewe zinakaa wapi. Ukitazama mbele, omo ikiwa mbele yako, nyekundu ni kushoto na kijani ni kulia. Nimeona meli za mapambo zimegeuzwa, na mwenye duka hajui kwa nini wazee wanacheka.

Kwa kanuni za kimataifa za 1972, kila moja ya hizo mbili huonekana kuanzia mbele kabisa hadi nyuzi 112.5 upande wake, ndiyo maana ina ukuta mdogo upande wake wa ndani uliopakwa nyeusi isiyong'aa. Tezi, yaani mwisho wa meli, ina nyeupe moja inayotazama nyuma. Meli ya mita 50 na zaidi ina nyeupe mbili mlingotini zinazotazama mbele, ya nyuma ikiwa juu kuliko ya mbele. Uhuru inapita mita 50 kwa mbali. Tafuta picha uone milingoti yake imekaa vipi.

Na chumba cha nahodha usikiwashe. Meli ikitembea usiku, pale ni giza, la sivyo mwenye usukani anaona uso wake kwenye kioo badala ya maji.

Seremala wa Kondele:

Asanteni sana, jaduong' na wote. Nyeupe sasa zinawaka, kila moja na 470 yake. Aerieli nimepata. Lakini chumba cha nahodha ndicho mteja alichokitaja kwa jina, anataka kiwake kuliko vyote. Nikimwambia giza atadhani nimeishiwa na taa. Na je, naweza kutumia powabenki badala ya chaja?

Fundi Redio, Kibuye:

Powabenki nyingi zikiona mzigo mdogo zinadhani simu imejaa, zinajizima. LED zako zote pamoja hazifiki hata miliampia 100. Baki na chaja, tundu litoke chini ya kitako cha kusimamishia meli.

Baharia Mstaafu:

Mteja mpe swichi mbili. Moja ni ya safari: nyekundu, kijani, tezi, milingoti, na madirisha mawili matatu ya abiria. Ya pili ni ya gatini, meli imefungwa kamba na mabehewa yanaingia. Hapo taa za sitahani zote zinawaka, vyumba vyote, na cha nahodha kikiwemo, hakuna atakayekukosoa. Atawasha anayoitaka.

Fundi Redio, Kibuye:

Hiyo ni rahisi. Hasi zote ziunge pamoja, chanya zigawe makundi mawili, kila kundi na swichi yake. Ukimaliza, washa zote uziache usiku kucha sitaha ikiwa wazi. Asubuhi tikisa meli kidogo. Inayopepesa ina kiungo kibovu, ilehemu upya, ndipo ulete gundi.